Mama wa Shujaa

Sikukuu ya uhuru ilipowadia, Bi Zuwena alipandishwa jukwaani amzungumzie mwanawe Shaame, aliyeuawa kwa risasi siku wananchi walipoiangusha serikali ya zamani. Mshereheshaji alikuwa amekwisha kumpamba: Shaame alitangulia mbele ya umati, bendera mkononi, akaanguka akiimba. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

"Tuambie neno, mama," mshereheshaji akamnong'oneza, akimkabidhi kipaza sauti.

Bi Zuwena alikishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu hakuwa na bendera," alisema. "Alikuwa mwoga, masikini. Alijificha uvunguni tangu asubuhi. Milio ilipotulia, mvua ikatanda, akatoka uani kuanua nguo zangu zisilowe. Ndipo walipompiga."

Mshereheshaji akacheka kicheko kikavu, akamwinamia.

"Si hiyo, mama. Watu wanataka ile ya bendera."

"Ile ni yenu, baba. Shaame wangu ni huyu, na tangu nimzike hakuna aliyeniuliza habari zake."

Mshereheshaji alimpokonya kipaza sauti taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, kisha akaipungia bendi mkono. Matarumbeta yakalia. Bi Zuwena hakushuka. Aliendelea kusimulia, midomo ikimcheza, sauti haisikiki, jinsi alivyomkuta Shaame ameikumbatia kanga ya mama yake. Safu ya mbele, mwanamke mmoja asiyemjua aliinuka, akakiburura kiti chake hadi chini ya jukwaa, akaketi, akatega sikio.