Mwanya wa Mlango

Sheria ilitaka kila gari la kifahari likaguliwe na jirani, na likikutwa na kasoro lilisagwa siku hiyohiyo. Shemdoe alipokagua gari jipya la Mkwizu, alipapasa rangi, akagonga bodi, akafungua na kufunga milango yote. Halikuwa na dosari hata moja. Wivu ukamkaba.

"Mlango wa kushoto una mwanya," alisema.

Mkwizu alimsihi, lakini winchi ilikwisha kulinyanyua.

Jioni, wakila, Shemdoe alimsimulia mkewe Tunu huku akicheka. Tunu aliweka kijiko chini.

"Maskini! Na vile viti vyake vilivyo laini?"

"Viti umevijuaje?"

Tunu aliichukua sahani ya mumewe, ikiwa bado na chakula, akaenda kuiosha.