Saa Ambayo Haijafika

Kidole cha Kawthar kilikuwa juu ya kitufe cha mwisho. Akikibonyeza tu, Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, itaingia upya na diski yote itafutwa, pamoja na sauti alizomrekodi bibi yake wa Jambiani, ambazo hazikuwa na nakala popote.

"Ngoja," nikamwambia. "Iwashe tena, nnataka kuona inakwama wapi."

"Babu, umezunguka dunia nzima hujajifunza kukaa kimya? Iliyoiharibu ni programu niliyoitia leo asubuhi."

Lakini aliiwasha. Maandishi meupe yakapanda, yakasimama. Niliyafuata kwa ukucha, polepole, na Kiingereza changu cha melini. Programu yake haikutajwa hata mara moja. Mashine ilikataa kuendelea kwa sababu diski ilifunguliwa mara ya mwisho saa ambayo bado haijafika.

"Haijafika vipi?" Akasogeza kiti.

"Ndiyo nnakuuliza wewe. Umegusa nini tena?"

"Nimebadilisha betri yake tu, ile ndogo kama shilingi. Kisha nikaitia saa."

"Ukaandika saa ngapi?"

"Nne. Si ilikuwa saa nne asubuhi!"

Tukatazamana. Kompyuta huhesabu saa za kizungu. Kwake, saa nne ile ilikuwa bado usiku, na diski ilishafunguliwa asubuhi.

Kawthar akacheka, kisha akaacha. Akaisogeza saa mbele kwa saa sita, akasema bismillahi, akabonyeza kitufe cha kuiwasha.

Maandishi yakapita pale yalipokwama, na taa ya diski ikaanza kupepesa.