Mkaa wa Chumba cha Mzazi

"Mwalimu, swali limekosewa," alisema Dionisia wa kidato cha tatu. "Mkaa uliowekwa gramu mia mbili arobaini, uliobaki gramu mia tatu. Uliobaki utazidije uliowekwa?"

Darasa lilicheka. Modest aliutazama ubao. Kweli, ndivyo alivyoandika. Alifuta mia tatu kwa kiganja, akaandika sitini.

"Haya, endelea. Chukulia mkaa ni kaboni tupu, na hewa ni haba."

Dionisia hakuchelewa. Zimeungua gramu mia na themanini. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata moli kumi na tano. Kila moli ya kaboni inatoa moli moja ya kaboni monoksidi, na moli moja ya gesi hiyo ina gramu ishirini na nane.

"Gramu mia nne na ishirini, Mwalimu."

"Vizuri."

Tangu amzike mkewe, Prisila, Modest alikuwa akifundisha, akila, akioga, bila kuhisi kitu. Watu walimsifu eti ana moyo mgumu. Sifa nyingine bora zisitolewe.

Prisila alikufa kwa gesi ya jiko, hata arobaini ya uzazi hajaimaliza. Mama yake, Kornelia, alikuwa amekuja kutoka Mnero kumlea, akamwekea jiko la mkaa chumbani apate joto, kama yeye mwenyewe alivyowekewa na mama yake. Kopo moja la mkaa, alisema. Mtoto alinusurika kwa sababu alilia sana, bibi akaenda kulala naye chumba cha pili. Modest alilala sebuleni, maana mwanamume haingii kwa mzazi kabla ya arobaini.

Baada ya mazishi aliazima mizani ya maabara. Akapima mkaa wa kujaza kopo lile, gramu mia mbili arobaini, kisha akapima uliobaki ndani ya jiko lile. Ndugu walimwona, wakanong'ona kwamba mwalimu anatafuta ushahidi.

Na ushahidi ulitakiwa. Jumamosi pande mbili zilikaa nyumbani kwake, Ruangwa, kuamua mtoto alelewe na nani. Kornelia alitaka kwenda naye Mnero. Modest alitaka abaki kwa dada yake, Lucia, nyumba ya jirani. Ndicho kitu pekee alichokitaka duniani, na hata hicho alikitaka kwa ubaridi.

Alisimama, akaeleza hesabu kama yuko darasani. Kopo moja, gramu sitini zilizobaki, moli kumi na tano, gramu mia nne na ishirini za sumu ndani ya chumba kilichofungwa.

Mzee Kipriani, baba mdogo wa marehemu, alikuna kidevu. "Mkwe, hizo moli zako sisi hatuzijui. Tuulizane Kiswahili tu. Kornelia, jiko uliliingiza wewe?"

"Niliingiza mimi."

"Na mkaa uliweka wewe?"

Kornelia alimtazama mtoto aliyelala mapajani mwake. "Niliweka mimi."

Upande wa mume waliguna, mmoja akatema mate nje ya mlango. Wazee wakaamua mtoto abaki Ruangwa, na bibi asimchukue hata kwa kutembea. Modest alisubiri ahisi nafuu. Haikuja.

Wengine walipokwenda kula, Kornelia alifunga vitenge vyake kwenye furushi. Bodaboda ilikuwa ikimngoja barabarani. Alimkuta mkwewe peke yake kibarazani, akamweka mtoto mikononi mwake, akamrekebisha mkwewe kiwiko ili shingo ya mtoto isining'inie. Kisha akasema naye kwa sauti ya chini, macho sakafuni, kama mama mkwe anavyopaswa kusema na mkwewe.

"Usiku ule nilikusikia unamwongezea mwanangu mkaa, baba. Nikanyamaza, nisikuaibishe kwamba umeingia kwa mzazi."