Vikohozi Viwili

Didas alikuwa ameshika kisu, mgonjwa amelala tayari, na bado alikuwa akisubiri mtu akohoe.

Nyuma yake leo hapakuwa na mtu. Ukutani, mikono kifuani, alisimama Mganga Mkuu, Mwingereza asiyejua kutabasamu kabla ya saa sita mchana. Alikuja kupima kama daktari Mwafrika anaweza kukabidhiwa chumba cha upasuaji cha hospitali hii ndogo ya Temeke. Akishindwa, Didas angerudi kusafisha vidonda, na ule udaktari alioufuata mpaka Makerere ungebaki jina la kuitiwa kanisani.

Ubaya ni kwamba miaka yote ile hakuwahi kupasua peke yake. Yeye na Zahor, daktari mwenzake, walipatana zamani: mmoja akipasua, mwenziwe anasimama nyuma. Kukosoana kwa maneno haikuwezekana. Wagonjwa waliochomwa sindano ya mgongo huwa macho wakati wote, wauguzi wanasikia, na daktari mweusi akishasahihishwa hadharani, kesho ataitwa dresa, mfunga vidonda tu. Kwa hiyo wakakohoa. Kikohozi kimoja: simama, umekosea. Viwili: sawa, endelea.

Patano lilikuwa la watu wawili, lakini Didas hakupata hata siku moja sababu ya kumkoholea Zahor. Yeye ndiye aliyekoholewa. Ikafika mahali hata nyumbani Kinondoni, mkewe akimpa mkate aukate, anatulia kwanza.

"Kata basi, baba," Tekla humwambia. "Au unamsubiri Zahor?"

Hucheka naye. Moyoni alimchukia Zahor, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Asubuhi hiyo alimkuta Zahor ameegemea ukuta wa ofisi, jasho linamtoka, anasema meno yamebana.

"Ngiri hii haingoji. Utapasua wewe. Mkuu alitaka apasue mwenyewe, nikamkatalia."

"Basi simama nyuma yangu."

"Leo sisimami."

"Zahor, usinifanyie hivyo! Mbele ya yule mzungu?"

"Chuo tumesoma kimoja, bwana. Mie nakuamini. Jiamini na wewe."

Sasa Benedicta, muuguzi, alikuwa akimtazama juu ya kitambaa chake cha mdomo. Hapakuwa na pa kukimbilia. Didas akakata.

Aliupata utumbo ulionaswa, umeshageuka rangi ya zambarau. Akaulegeza. Alipotaka kuurudisha mahali pake, mkono ukasita. Macho yalikuwa kwenye kidonda, masikio yalikuwa nyuma. Hakuna aliyekohoa. Akaufunika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, akangoja mpaka wekundu wake ukarudi, ndipo akaurudisha. Akaushona ukuta wa tumbo, mshono baada ya mshono.

Ikabaki ngozi. Kabla ya kuifunga, mgonjwa wa ngiri huambiwa akohoe, ionekane kama mshono unashika.

"Kohoa," alisema Didas, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Upande wa pili wa shuka iliyoning'inizwa kifuani, mgonjwa akakohoa. Mara moja.

Mshono ulishika. Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Benedicta akamnyooshea sindano ya kushonea ngozi, lakini Didas hakuipokea. Aliitazama kazi yake. Haikuwa na kosa, alijua haina, na bado mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkasi.

"Daktari?" alinong'ona Benedicta. "Si tunafunga?"

Didas alitaka kuuweka mkasi chini, vidole vikakataa. Ncha yake iligusa uzi wa kwanza. Mkuu akauacha ukuta, akasogea mezani.

Ndipo, nyuma ya shuka, Zahor akakohoa mara ya pili.