Chawa wa Mbuzi wa Thadeus

Mbuzi aliingizwa sebuleni akasimamishwa mbele ya wazee wa ukoo kama shahidi. Salamu yake ya kwanza ilikuwa kumwaga vigololi kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi hiyo.

Ruth hakujali. Leo alitaka mkwe wake afungashiwe virago, na mbege, pombe ya ndizi aliyoandaa, ingewakalisha watu mpaka neno liishe.

Mkwe mwenyewe, Avelina, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na kosa hilo Ruth hakuwahi kumsamehe. Mtu wa kuja, alimwita mbele za watu, hajui hata kumenya ndizi. Na tangu mwanawe Filemon aiache Kibosho akaenda Mererani kuchimba tanzanaiti, mke wake alikunywa chai kwa matusi.

Sasa yalikuwa ya chawa. Ruth alikuwa akijikuna mchana kutwa, wala hakuona haya kulisema: kaambukizwa na mkwe wake, na mkwe kaambukizwa na mwanaume, maana mume yuko machimboni. Aliyatangaza hayo kuanzia mferejini hadi mlangoni pa kanisa.

Avelina alikuwa na jibu moja tu. Ni mbuzi. Mbuzi wa jirani yao Thadeus, aliyekabidhiwa Ruth amtunze kama ilivyo desturi ya huku: mtunzaji anapata maziwa na mbolea, mwenyewe anabaki na mbuzi wake. Mnyama alilala ndani, kando ya kitanda cha Ruth.

"Mmeisikia akili ya kwenye miwa?" Ruth aliwauliza wazee. Walicheka hadi mbege ikawapalia. Hata Thadeus, aliyekuja kwa kuwa mbuzi ni wake, alicheka.

Bwana mifugo, aliyeitwa na wazee kumkagua mbuzi, alifunua manyoya. Kweli, chawa walikuwamo.

"Lakini hawa ni wa mbuzi," bwana mifugo alisema. "Wakimpanda mtu wanakosa chakula, wanakufa. Chawa wa mtu hutoka kwa mtu."

Ruth aliinuka kama aliyeshinda kesi ya shamba. "Shemeji, umesikia. Afunge mizigo arudi kwenye miwa yao."

Shemeji yake, mzee Eliufoo, ndiye aliyeongoza kikao. Akasema mtu hafukuzwi bila kidhibiti. Binti afungue kitambaa kichwa chake kikaguliwe.

Avelina hakufungua. Alimtazama mama mkwe wake kwa muda, kama anayeomba ruhusa.

"Anaogopa huyo," Ruth alisema. "Fungua, tuwaone wageni aliokuletea bwana wako."

Akafungua. Bwana mifugo alipekua utosini, nyuma ya masikio, kisogoni, akarudia tena.

"Safi," alisema. "Hata yai hakuna."

Wazee wakamtazama Ruth, ambaye mkono wake ulikuwa bado kichwani ukikuna. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Thadeus, mtu asiyepitisha jioni bila kuja kumwangalia mbuzi wake. Alikuwa anaishusha kofia hadi masikioni.

Avelina alijifunga kitambaa taratibu.

"Si ungeacha tu iwe ni mbuzi, mama?"