Nyuma ya Nyati

Kando ya reli, katika mbuga za Kansas, Ameohne na wifi yake, wanawake wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wakimchuna nyati aliyepigwa risasi kwa mchezo na abiria wa treni ya asubuhi. Kambini watoto walikuwa na njaa.

Treni nyingine ikaja. Ilipunguza mwendo, bunduki zikatokeza madirishani.

Wakalala nyuma ya mzoga. Risasi zikazama nyamani, pu, pu. Damu yenye uvuguvugu ikamchuruzikia Ameohne shingoni.

“Wifi,” alinong'ona, “nisimame wajue sisi ni watu?”

“Lala hapo. Wakijua ndiyo watalenga vizuri.”

Bunduki zikanyamaza. Treni ikasimama. Mtu alicheka, kisha viatu vikasikika juu ya kokoto, vikija.

Ameohne akakamata kisu. Kiliteleza kwa mafuta. Akakikamata tena.