Tobo la Pini

"Sensa yako ya injini ni feki, jirani, usinipakazie mimi!"

"Feki? Si wewe uliyeichagua dukani kwa mkono wako, ukaapa gari litatembea mpaka lichoke lenyewe?" jirani mwenye gari akamrudishia fundi.

Majirani wengine walishajaa uani, hakuna aliyetaka kupitwa. Fundi umeme wa magari akazamisha kichwa chini ya boneti asiwatazame. Asubuhi gari lilizimika njiani, ndani yumo mama mzazi wa jirani akipelekwa kupasuliwa macho. Zamu ya upasuaji aliyoisubiri bibi huyo mwaka mzima akapewa mwingine.

Akaigusisha sensa mita ya kupimia umeme. Sensa ilikuwa nzima kabisa. Akaufuata waya wake kwa vidole, taratibu, mpaka penye kiuvimbe. Akaukunja. Pakafunguka kitobo chembamba, na ndani shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, unga mtupu.

Mwezi uliopita, kwa uvivu wa kuchomoa soketi, aliutoboa waya huohuo kwa pini apime umeme, halafu hakuuziba. Maji yakajipenyeza.

"Umeona nini?" jirani akauliza. "Mbona kimya, na mdomo wote ule?"

Fundi akaushika waya palepale penye tobo.

Bibi, yule mama wa jirani, akatoka mlangoni akipapasa ukuta, kisha boneti, mpaka akaupata mkono ulioshika waya. Akaufumbata kwa mikono yake miwili.

"Mwacheni mwanangu jamani, amehangaika na gari letu tangu asubuhi," akasema. "Twende ndani, baba, ukale. Chakula kinapoa."